Kasha na kipoza cha hewa kwa kompyuta ya gemu: anza na kadi ya picha

Swali: Msomaji amekwisha kununua prosesa ya AMD Ryzen 7 9800X3D na kadi ya picha ya GeForce RTX 5080, na sasa amekwama kwenye kasha. Analolipenda lina kioo mbele na kioo ubavuni, na huuzwa pamoja na feni saba za taa. Mwenzake amemshauri kwamba mashine ya namna hiyo haina budi kuwekewa kipoza kikubwa kuliko vyote, la sivyo atumie upozaji wa maji, jambo ambalo yeye hataki kwa kuhofia kuvuja. Anauliza achague kasha gani, kipoza gani cha hewa, feni ngapi na zikae wapi, na kama kelele na vumbi vinaweza kudhibitiwa kwa pamoja.

Jibu: Ndugu msomaji, mwenzako ameanza na prosesa, ilhali kwa vifaa ulivyonunua mzigo mkubwa wa joto uko kwenye kadi ya picha. RTX 5080 imewekewa kikomo cha wati 360, na gemu nzito huifikisha karibu na kikomo hicho kwa saa nzima bila kupumzika. Prosesa yako imeandikiwa wati 120, na kwa mipangilio ya kawaida inaruhusiwa kupanda hadi wati 162, lakini hiyo ni pale viini vyake vyote (sehemu zake zinazofanya hesabu) vinapofanya kazi kwa wakati mmoja. Ndani ya gemu nyingi haifiki hata wati 100. Kwa maneno mengine, unapocheza, kadi ya picha hutoa joto zaidi ya mara tatu ya lile la prosesa, na kipoza cha kadi hiyo huna uwezo wa kukichagua tena kwa sababu kimekuja nayo kutoka kiwandani. Unachoweza kuchagua ni hewa ambayo kadi itavuta. Ndiyo maana ninasema kasha ndilo uamuzi mkubwa hapa, na kipoza cha prosesa ni uamuzi mdogo unaofuata.

Kiasi cha hewa kinachohitajika kinaweza kukokotolewa kwa urahisi. Chukua wati zote zinazogeuka joto ndani ya kasha, zidisha kwa 3, kisha gawanya kwa idadi ya nyuzi za Selsiasi ambazo uko tayari kuona hewa ikipanda kati ya kuingia na kutoka. Jibu ni mita za ujazo za hewa kwa saa. Mashine yako, ukijumlisha kadi, prosesa, ubao mama (ubao unaounganisha vifaa vyote), diski na upotevu wa pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme), itatoa kama wati 500 wakati wa gemu. Ukikubali hewa ipande nyuzi 10, unahitaji mita za ujazo 150 kwa saa. Ukitaka ipande nyuzi 5 tu, unahitaji 300. Hesabu hii haijali jina la kampuni wala bei ya feni, na ina maana ya moja kwa moja kwako, kwa kuwa kila uzi mmoja unaoongezeka kwenye hewa inayoingia katika kipoza huongeza takriban uzi mmoja kwenye kifaa kinachopozwa.

Sasa linganisha na feni zenyewe. Feni nzuri ya milimita 120 inayozunguka mara 2,000 kwa dakika, kama vile Noctua NF-A12x25, hutajwa kuwa na uwezo wa kusukuma mita za ujazo 102 kwa saa, lakini kiwango hicho hupimwa feni ikiwa mahali pa wazi pasipo kizuizi. Iweke nyuma ya kichujio na wavu, kisha ipunguze mwendo ili masikio yapumzike, nawe utabaki na nusu ya kiwango hicho au pungufu. Feni tatu za milimita 140 zinazozunguka mara 900 hivi kwa dakika, mbele ya kasha linalopumua vizuri, zinaweza kukupa zile mita za ujazo 150. Feni hizohizo nyuma ya ubao wa kioo wenye upenyo wa upana wa kidole pembeni haziwezi, hata ukiziongeza mwendo, kwa kuwa tatizo si nguvu ya feni bali ni mlango.

Hapo ndipo ninapolikataa kasha lako la kioo, iwapo kioo cha mbele ndiyo njia pekee ya hewa kuingilia. Feni saba za taa hazibadilishi hukumu hiyo. Mara nyingi tatu kati ya hizo huzungusha hewa ileile ya moto, na wingi wake hukusudiwa kupendeza machoni. Hata hivyo, si kila kasha la kioo ni baya. Yapo makasha mapana ya vyumba viwili, mfano wa Lian Li O11 Dynamic, ambayo huvuta hewa kutoka chini na ubavuni, na feni za chini zikiwekwa zikitazama juu huilisha kadi ya picha hewa mbichi kwa ukaribu ambao makasha mengi ya wavu hayaufikii. Ukitaka kioo kwa gharama yoyote, tafuta la aina hiyo, na uhakikishe miguu yake ina kimo cha kutosha ili chini yake pasizibwe na zulia.

La sivyo, chukua kasha lenye uso wa wavu. Usiridhike na neno linaloashiria hewa katika jina la bidhaa, litazame lenyewe. Wavu mzuri, ukiushikilia mbele ya taa, unapitisha mwanga kwa wingi, na hauna kichujio kingine kizito kilichojificha nyuma yake. Kati ya makasha yanayojulikana kwa kupumua vizuri, Corsair 4000D Airflow na Fractal Design North hupokea kipoza cha kimo cha hadi milimita 170, na hilo la pili limefunikwa kwa vipande vya mbao mbele ya nafasi za hewa, kwa hiyo linamfaa mtu anayejali sura. Lian Li Lancool 216 hutumia feni mbili za milimita 160 mbele. Fractal Design Torrent limekwenda mbali zaidi: feni mbili za milimita 180 mbele, tatu za milimita 140 chini, na pawasaplai imehamishiwa juu ili sakafu yote ibaki kwa ajili ya hewa. Kwa kadi ya wati 360 Torrent linazidi mahitaji, ila kwa anayefikiria kadi ya wati 575 kama RTX 5090 ningelitaja la kwanza.

Vipimo ndivyo vinavyowaumiza wengi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Toleo la NVIDIA wenyewe la RTX 5080 lina urefu wa milimita 304 na huchukua nafasi mbili za kadi nyuma ya kasha, lakini matoleo mengi ya kampuni nyingine huzidi milimita 330 na hula nafasi tatu au zaidi. Kasha linapotangaza urefu wa juu wa kadi, soma maandishi madogo ujue kama urefu huo umepimwa kukiwa na feni za mbele au bila hizo. Feni ya kawaida ina unene wa milimita 25, na milimita hizo ndizo zinazoweza kukunyima kadi kuingia. Kisha pima upana wa kadi kuelekea kioo cha ubavuni. Waya wa umeme wa pini 16 unaoilisha kadi hii haupaswi kukunjwa mara tu unapotoka kwenye plagi. Uache uende wima takriban milimita 35 ndipo upinde, na hakikisha plagi imezama hadi mwisho bila pengo. Kioo kinachougandamiza waya huo ni hatari ya kweli, kwa sababu pini zisizogusana vizuri hupata joto kali kiasi cha kuyeyusha plastiki. Nikilazimika kuchagua kati ya kasha zuri lenye upana wa shida na kasha la wastani lenye nafasi, nitachukua la pili bila kusita.

Tuje kwenye kipoza cha prosesa. 9800X3D ina kikomo cha nyuzi 95, na katika kizazi hiki AMD waliihamishia kumbukumbu ya ziada chini ya viini badala ya juu yake, hivyo joto la viini hupanda moja kwa moja kwenye kifuniko kuliko ilivyokuwa kwa 7800X3D ya kizazi kilichotangulia. Prosesa ya namna hii inatoshelezwa kabisa na kipoza cha minara miwili (mafungu mawili ya mapezi ya chuma) cha bei ya kati. Thermalright Peerless Assassin 120 SE, chenye mirija sita ya joto na kimo cha milimita 155, kitaipoza bila kuhangaika na kitaingia katika makasha yote niliyoyataja. Noctua NH-D15 chenye milimita 165, mrithi wake NH-D15 G2 chenye milimita 168, na be quiet! Dark Rock Pro 5 chenye milimita 168 vilevile ni vipoza bora, na faida utakayoipata kwavyo ni utulivu zaidi kuliko ubaridi. Gemu haitaongeza hata picha moja kwa sekunde kwa sababu yake. Ningeshauri mojawapo ya vipoza hivyo vikubwa kama ungekuwa na prosesa ya Core i9-14900K, ambayo Intel wameipangia hadi wati 253, na kama kazi yako ingekuwa kutayarisha video kwa saa nyingi.

Ukiamua kuchukua kipoza kikubwa, angalia vijiti vyako vya RAM (kumbukumbu ya kompyuta) kabla ya kulipa. Feni ya mbele ya NH-D15 inaacha milimita 32 tu juu ya vijiti hivyo, ilhali vijiti vya DDR5 vyenye taa mara nyingi hufikia milimita 44. Feni inaweza kupandishwa ili ipishane navyo, lakini ukiipandisha milimita 12 kimo chote kinakuwa 177, na kasha la milimita 170 halifungi tena. Vijiti vifupi visivyo na mapambo huondoa tatizo hili lote.

Kuhusu maji, hofu yako ya kuvuja ina msingi mdogo, lakini uamuzi wako ni sahihi kwa sababu nyingine. Kipoza cha maji hakifuti joto. Hulihamisha hadi kwenye rejeta, na kutoka hapo hewa ileile ndiyo hulibeba. Rejeta ya mbele huipashia kadi ya picha hewa yake, na rejeta ya juu hula nafasi ya kutolea hewa. Kwa prosesa isiyozidi wati 100 katika gemu, unaongeza pampu na kipindi cha matengenezo kwa manufaa ambayo hutayahisi.

Mpangilio wa feni ninaoupendekeza kwako ni wa feni nne kuanzia: tatu za milimita 140 mbele zikiingiza, au mbili kubwa kama kasha limekuja nazo, na moja nyuma ikitoa. Kipoza cha prosesa kielekezwe ili kisukume hewa nyuma, kwenye mstari wa feni inayotoa. Feni ya tano, ukiiona inahitajika, iwe juu, kwenye nafasi iliyo karibu na nyuma ya kasha, nayo itoe. Usiiweke juu mbele. Hapo itanyakua hewa mbichi iliyoingia dakika hiyohiyo na kuitupa nje kabla haijafika kwenye kipoza, na utashangaa kwa nini feni iliyoongezwa imepandisha joto la prosesa. Feni ya juu ina kazi ya pekee kwa kadi za kizazi hiki, kwa kuwa nyingi zimetobolewa mwishoni ili hewa ipite ndani ya mapezi na kutokea juu. Toleo la NVIDIA la RTX 5080 hupitisha hewa hivyo pande zote mbili. Hewa hiyo ya moto huelekea moja kwa moja kwenye RAM na kipoza cha prosesa, kwa hiyo usishtuke prosesa ikisoma nyuzi 70 na kitu wakati kadi inafanya kazi kubwa. Kuisimamisha kadi wima karibu na kioo ni urembo unaoinyima pumzi, nami siushauri.

Kelele ina kanuni zake, na zinakupendelea. Feni ikipunguzwa mwendo kwa nusu, hewa inayosukumwa hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Ukiongeza feni za aina hiyo mara dufu, kelele hupanda desibeli 3 tu. Kwa hiyo feni sita zinazokwenda polepole huwa kimya kuliko tatu zinazokimbia, ingawa hewa ni karibu ileile. Nimesema karibu kwa makusudi, kwani shinikizo la feni hushuka hadi robo mwendo unapokuwa nusu, na feni dhaifu mbele ya kichujio kizito haisukumi kitu. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda wavu ulio wazi na feni za milimita 140. Nunua zenye pini nne ili mwendo wake udhibitiwe vizuri, na kumbuka kwamba tundu moja la feni kwenye ubao mama kwa kawaida hubeba ampea 1, ambayo huzitosha feni tatu za kawaida kwa waya wa kugawanya, mradi ujumlishe ampea zilizoandikwa juu ya kila moja.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni udhibiti wa mwendo wa feni. Ubao mama ukiachwa kama ulivyotoka kiwandani mara nyingi huziongoza feni za kasha kwa kufuata joto la prosesa. Fikiria maana yake: kadi inamwaga wati 360 ndani ya kasha, prosesa yako imetulia, na feni za mbele zinazunguka kivivu kwa sababu zimeambiwa mambo ni shwari. Baadaye unafungua programu ndogo, prosesa inaruka nyuzi 15 kwa sekunde moja, na feni zote zinanguruma bila sababu. Sakinisha programu ya bure iitwayo FanControl, uzifunge feni za kasha kwenye joto la kadi ya picha, na uache ile ya kipoza peke yake ifuate prosesa. Usipopenda programu, ingia kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio ya ubao mama), uzipe feni za kasha mwendo mmoja usiobadilika ambao masikio yako yanauvumilia, na feni ya prosesa uipe ucheleweshaji wa sekunde chache kabla ya kupanda. Nimeona mashine nyingi zilizolaumiwa kwa kasha baya, na kumbe dawa ilikuwa hapa.

Vumbi hupungua pale hewa inayoingia inapozidi kidogo inayotoka, maana kasha hupumua nje kupitia mianya yake badala ya kuvuta vumbi kwayo, na hewa yote ya kuingia inapita kwenye vichujio. Mpangilio wa tatu kwa moja, au tatu kwa mbili, unatimiza hilo. Vichujio visafishwe kila vinapoanza kubadilika rangi. Kilichoziba ni sawa na kioo ulichokikwepa. Unapopuliza vumbi ndani, shika mapanga ya feni yasizunguke.

Kwa pawasaplai sina mengi: NVIDIA wanashauri wati 850 kwa kadi hii, na feni yake itazame chini penye kichujio. Wakati wa kufunga kipoza, toa karatasi ya plastiki iliyo chini yake (wapo wanaoisahau, na kompyuta huwaka kama kawaida kisha ikajizima), weka tone la pesti ya joto la ukubwa wa punje ya dengu katikati, na kaza skrubu kwa zamu ili mgandamizo uwe sawa. Kama kipoza kimekuja na vyuma vya kukisogeza kuelekea chini kwa prosesa za AMD, vitumie, kwa kuwa viini vyake haviko katikati ya kifuniko.

Ukimaliza, pima. Cheza gemu nzito kwa nusu saa hadi joto la kadi litulie, uliandike pamoja na mwendo wa feni za kadi, kisha uondoe ubao wa ubavuni na urudie gemu ileile katika chumba kilekile. Tofauti ikiwa nyuzi mbili au tatu, kasha lako linapumua na huna haja ya kununua kitu kingine. Ikifika nyuzi 8 au 10, hewa haiingii vya kutosha: angalia kwanza kama kasha limesukumwa ukutani au limefungiwa ndani ya meza, halafu vichujio, halafu mwendo wa feni za mbele, na mwisho kabisa idadi yake. Na kama joto la chumba lenyewe ndilo linalokusumbua, feni haziwezi kukusaidia, kwa kuwa zile wati 500 zitaishia chumbani vyovyote utakavyozipitisha. Hapo punguza kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 85, yaani wati 306, ukapime tena. Kasi ya gemu hushuka kidogo sana kulingana na wati 54 ulizoziondoa.